Vitunguu Visivyotaka Huruma

Watu wengi wakisikia harufu ya kitunguu hukumbuka jikoni. Mimi hukumbuka kanisa. Nazungumzia kitunguu cha aina yake, kidogo, kifupi, kisichofika hata goti la mtoto anayeanza kutembea. Majani yake ukiyavunja kwa vidole hutoa kwanza harufu kali kama ya kitunguu saumu, kisha nyuma yake hufuata nyingine tamu, ya asali. Harufu hiyo ikishika mkono haitoki. Utanawa kwa sabuni ya kipande, utasugua kwa majivu, utajipaka mafuta ya mawese, na bado mtu utakayempa mkono atajua ulikuwa wapi asubuhi. Hivyo ndivyo nilivyojua baba yangu mkubwa alikuwa wapi asubuhi ya Jumapili moja ya kiangazi, nikiwa na miaka kumi, na kujua kwangu nusura kutukoseshe shamba.

Tulikuwa tumerudi Butihinda, mkoani Muyinga, tukitoka kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako mimi nilizaliwa na ambako baba yangu alikuwa fundi baiskeli mwenye jina. Miaka ile watu walikuwa wakirudi kwa malori, kila familia na mali yake mapajani. Sisi tulikuwa na mabati, magodoro mawili, kuku watatu, na mfuko wa kengele za baiskeli ambao baba alikataa katakata kuuacha. Mama alisema mtu mwenye akili hurudi kwao na mbegu. Baba akamjibu kwamba mbegu huliwa na panya, lakini yeye hajawahi kusikia panya aliyekula kengele. Kiswahili chetu sisi watoto kilikuwa cha walimu wa kambini, kimenyooka kama rula, na Kirundi chetu kilitosha kuombea maji ya kunywa tu. Watoto wa kilima, maana kwetu kijiji huitwa kilima, walikuwa wanakuja jioni kutusikiliza tukizungumza. Walikaa chini, wakacheka mpaka wakaridhika, kisha wakaenda kwao kulala.

Baba mkubwa Laurenti, kaka yake baba, hakuwahi kukimbia. Alibaki pale miaka yote, akalima ardhi ya babu peke yake, na kazi hiyo ilimwachia mgongo mpana na maneno machache. Alitupokea vizuri. Alilia mbele za watu, jambo ambalo mkewe alisema hajaliona tangu amwoe, akaita majirani, na wakubwa wakanywa pombe ya ndizi kwa mirija siku mbili mfululizo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilidhani hayo ni maneno ya kujazia daftari la shule, mpaka siku ya tatu baba mkubwa alipokuja alfajiri na jembe la kweli, jipya, lenye mpini wa mkaratusi, akamkabidhi baba bila hotuba, akatuongoza hadi kwenye mteremko uliojaa mawe, unaopigwa na jua tangu saa mbili asubuhi mpaka jua lenyewe linapochoka. Akasema, hapa. Baba alitazama huku na huku akitafuta ardhi.

Siku hiyohiyo waliitwa bashingantahe, wazee waamuzi wa kilima, ili mambo yasemwe mbele ya mashahidi. Ardhi ya babu ilikuwa vipande viwili: huo mteremko wa mawe, na shamba la bondeni, jeusi, lenye unyevu mwaka mzima, ambamo hata kijiti cha kuegemezea maharage ukikisahau wiki mbili kinatoa majani. Baba mkubwa hakukana kwamba nusu ya bonde ni ya mdogo wake. Alichosema ni kwamba mdogo wake ni fundi baiskeli. Alishaona watu waliorudi, wakapewa ardhi, wakaiuza kwa wageni kabla ya mvua ya kwanza, na ardhi ya mababu ikishauzwa hairudi kwa lori. Basi akaweka sharti. Baba alime mteremko, aoteshe kitu kimoja, chochote, na akifikishe mwisho wake mbele ya macho ya wazee kabla ya mvua za mwaka unaofuata. Akiweza, mpaka wa bondeni utapigwa siku hiyohiyo. Asipoweza, bonde litabaki kwa mkubwa, na sisi tutakuwa tunapewa mavuno kama watoto wa ndugu. Baba alikubali haraka, kwa hasira, kabla hajautazama mteremko vizuri.

Mvua za kwanza alipanda maharage. Yalitoka, yakatazama hali ilivyo, yakafa. Akapanda viazi vitamu, tukavuna vitu vyembamba kama vidole vya mtoto, ambavyo mama alivichemsha vyote katika sufuria moja ndogo ili visijione vichache. Mchagua jembe si mkulima, lakini baba alichagua majembe matatu, akanoa, akabadili mipini, akatia kabari, na kila alichofanya kwa jembe kilikuwa kazi safi isipokuwa kulima. Mama alihesabu miezi iliyobaki, akaanza kukosa usingizi. Kwake bonde halikuwa suala la heshima, lilikuwa sahani. Alikuwa amepanga foleni ya chakula kambini miaka kumi na mitatu, na hakutaka kurudi kwao akapange foleni mlangoni kwa shemeji yake. Alizoea kusema, huku akipepeta maharage ya kupewa, kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Kisha alikuwa anamtazama baba kana kwamba anamuuliza yeye achukue lipi.

Ilikuwa mwisho wa mvua kubwa baba aliponichukua kwenda kumsalimia dada yake, shangazi Domitila, huko Nyarusange, mkoani Gitega. Kazi yangu ilikuwa kubeba jogoo wa zawadi. Shangazi aliwahi kutunza bustani ya masista mjini Gitega, na alipostaafu aliondoka na vitu viwili, goti bovu na kapu la mashina ya vitunguu vya maua, ambavyo sista mmoja mzee alimgawia. Alikuwa amevipanda mbele ya nyumba, juu ya kokoto, mahali ambapo mimi nisingepanda hata msumari. Vilikuwa vimejikusanya katika vichaka vidogo, kila kimoja shubiri moja tu kwenda juu, na juu ya kila kichaka kulikuwa na vitufe vya maua ya zambarau, vya mviringo kamili, nyuki wakigombania nafasi. Baba alichuchumaa, akafukua kidogo kwa kidole, akakuta mawe. Akafukua zaidi, akakuta mawe tena. Nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tushuke kwenye lori.

Shangazi aliona tabasamu lile, akaogopa. Alimjua kaka yake. Kwa hiyo maelekezo alinipa mimi, akinishika sikio ili yaingie vizuri. "We, Konsolata, sikiliza. Hii kitunguu iko inakufa na huruma. Ukiipa maji kila siku, inaoza. Ukiipa samadi, inalala chini kama mlevi. We ipe jua, ipe mawe, kisha uende zako. Baba yako akitaka kuihurumia, umkataze." Tulirudi na gunia la mashina, tukayagawa kwa mikono, vitunguu vitatu vitatu, vyembamba kama kalamu, tukavipanda katika mistari kwenye mteremko wetu. Tulipomaliza baba aliniapisha. Vile vitunguu ni vitunguu, na mtu akiuliza ni vitunguu, na huo si uongo. Alikuwa anaona haya. Mwanaume arudi kutoka ukimbizini, apewe ardhi ya kujaribiwa nayo, wazee wamngoje, kisha apande maua! Alitaka siri ile ipasuke siku moja tu, mbele ya wazee, akiwa na mnunuzi pembeni yake.

Mnunuzi tulimpata Muyinga mjini. Alikuwa Mama Zuhura, mwanamke wa Kiislamu aliyeshona magauni ya maharusi na kupamba kumbi, mwenye duka karibu na soko, na hakuwa mtu wa kudanganywa. Baba alimpelekea shina moja la shangazi lililochanua, ndani ya kopo la majarini. Mama Zuhura alilizungusha, akaligonga kwa kucha, akalinusa. Alisema maua ya plastiki iko yanakula vumbi, na maua ya kweli yanafika kutoka Bujumbura yamekwisha kuzimia. Akauliza hii yanakaa siku ngapi bila maji. Baba akamwambia yanachukia maji. "Basi hii ni maua ya Muyinga kabisa," alisema. "Iko yananuka kitunguu kidogo, lakini kwenye harusi pilau itanuka zaidi. Nani atajua?" Wakakubaliana aje na beseni Jumapili ya kwanza ya Julai, kwa sababu alikuwa na harusi wiki hiyo. Baba akaenda kuwaomba wazee nao waje Jumapili hiyohiyo, baada ya misa.

Hapa inanibidi nieleze jambo ambalo kila mtu kilimani alilijua isipokuwa sisi. Kwa mkulima wa kwetu, kitunguu kinachochanua ni aibu ya mwenye shamba. Nguvu yote imepanda juu, chini hakuna kitu, utavuna shina na lawama. Mnamo Juni vitunguu vyetu vilipoanza kutoa vishina, kila kimoja na kichwa chake kilichofungwa kwa ngozi nyembamba, kilima kizima kikahuzunika. Watu walipita njiani wakanyamaza. Mwanamke mmoja alisimama, akashika kiuno, akamuuliza mama kama kweli hali ilikuwa hivi hata kambini. Baba, ambaye alikuwa anasubiri vichwa hivyo kwa hamu, alikuwa anatembea kati ya mistari akivichekea na kuvihesabu, na watu waliomwona wakasema masikini, hajui hata kwamba anapoteza. Kisha zikaanza kuja pole. Zilikuja kwa vikapu. Katika wiki moja tuliletewa vitunguu vya kula vingi kuliko tulivyowahi kuviona pamoja, vikubwa, vyekundu, na kila aliyeleta aliviacha mlangoni kwa upole kama anayekuja msibani. Mama alipokea, akashukuru, akaingia ndani akacheka ndani ya mto wa kulalia.

Baba mkubwa peke yake hakuleta kitu. Alipita kila siku kwenda bondeni, akasimama juu ya njia, akatazama vile vichwa, akatazama mdogo wake, akaenda zake. Baba alisema kaka yake anafurahi akidhani tumeshindwa. Mama alisema tumpe muda. Mimi nilikuwa upande wa baba, kwa sababu macho ya baba mkubwa yalinitisha.

Jumatano kabla ya Jumapili yetu, mstari wa kwanza ulikuwa hauna kichwa hata kimoja. Vishina vilikuwa vimevunjwa chini kabisa, vizuri, bila kuumiza majani. Baba alimshuku mbuzi wa jirani, akataka ushahidi. Tulimleta yule mbuzi, tukamwekea shina moja mdomoni. Alilinusa, akatutazama kwa dharau, akageuka akala kamba aliyofungiwa. Akaachiwa huru. Ijumaa mistari mitatu mingine ikawa mitupu. Baba alifungua mfuko wake wa kengele, na nikaona jinsi alivyomtazama mama. Alizifunga zote kwenye kamba, akazungusha shamba lote, hata upepo ukipita tulikuwa tunasikia kama baiskeli arobaini zinaomba njia. Jumamosi hazikulia isivyo kawaida. Jumapili alfajiri tulikuwa tunaoga na kupaka viatu mafuta, hatukusikia kitu. Tulipotoka kwenda misa baba alipitia shambani kwanza. Alirudi akiwa na uso wa majivu. Hakikubaki hata kichwa kimoja, na wazee walikuwa wanakuja saa sita.

Sikumbuki mahubiri ya siku ile. Nakumbuka padri aliposema tupeane amani. Baba mkubwa alikuwa benchi la mbele yetu. Aligeuka, akanipa mkono wake mpana, akasema amani iwe nawe, nami nikarudisha mkono wangu puani kwa sababu ambayo siijui mpaka leo, labda nilitaka kufuta chozi. Kitunguu saumu, na nyuma yake asali. Nilimvuta mama kanga nikamnyooshea kiganja. Mama alinusa kiganja changu, kisha akanusa chake, maana naye alikuwa amepewa amani na shemeji yake. Akamnyooshea baba. Baba alinusa mkono wa mkewe mbele ya kanisa zima, akafumba macho, akanusa tena. Watu wa benchi la nyuma walidhani ni desturi ya Tanzania. Kisha baba akainama mbele, akamgusa kaka yake begani, akamwomba amani kwa mara ya pili. Baba mkubwa alishangaa kidogo, akampa. Baba aliushika ule mkono, akaupandisha taratibu hadi puani, akauacha. Nilimchukia baba mkubwa siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Tulikuwa tumepewa amani kwa mkono ulioiba shamba letu.

Saa sita mteremko ulijaa watu. Wazee wanne walikaa juu ya mawe, ambayo angalau yalikuwa mengi. Mama Zuhura alifika nyuma ya pikipiki na beseni jipya kichwani, akapita kwenye kamba akaamsha kengele zote, na alipozima kelele akatazama mistari ya majani matupu. Baba hakumsalimia mtu. Alisema mbele ya wote kwamba kaka yake ameingia shambani na kukata alichokiotesha, ili bonde libaki kwake, na kwamba ushahidi uko mkononi mwake na anayetaka aunuse. Mama alianza kulia. Mzee mkubwa wa waamuzi alimgeukia baba mkubwa, akamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," alisema baba mkubwa. Alisema kwa Kirundi, kisha, kwa kuwa Mama Zuhura alikuwa amesimama mbele yake na beseni akidai maua yake iko wapi, akarudia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mi ndiye nilikata. Vitunguu ilichanua yote. Huyu ni mdogo yangu, hajui kulima, alikuwa anaicheka tu. Nikasema wazee watakuja, watakuta aibu ya mtoto wa mama yangu iko imesimama mistari kumi. Nikakata. Hata kengele nilizishika na mkono, nisimwamshe."

Ndipo mzee mkubwa akatueleza nusu ya pili ya desturi, ile ambayo hakuna aliyewahi kutufundisha kambini kwa sababu kambini hakuna aliyekuwa na shamba. Mkulima akiona kitunguu cha jirani kimechanua, hukikata kimyakimya na kuendelea na safari yake. Hamwambii mwenyewe, kwa maana kumwambia ni kumwaibisha mara ya pili. Ni wema ambao haupokei asante. Wazee wote walitikisa vichwa, kwamba ndivyo. Mmoja alikiri kwa sauti ndogo kwamba kishina cha kwanza kabisa kutoka, mwezi Juni, alikikata yeye.

Sasa ilikuwa zamu ya baba kueleza, na hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda. Alisema kwamba vile vilikuwa maua. Alisema alivipanda ili vichanue. Akaeleza kuhusu Gitega, masista, goti la shangazi na harusi ya Muyinga, na kadiri alivyoeleza sauti yake ilipungua, kwa kuwa aliona uso wa kaka yake. Baba mkubwa aling'oa shina moja, akalitikisa udongo, akatazama kile kitunguu chembamba kisichofaa hata kuungia dengu. Akakaa chini. Nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu, lakini hapa nia njema ilikuwa imeharibu mistari kumi bila kuacha mmoja.

Mzee mkubwa alikohoa, akasema sheria ni sheria. Sharti lilikuwa kitu kifikishwe mwisho wake mbele ya macho ya wazee, na wazee wana macho, na macho hayaoni kitu. Baba aliinamisha kichwa. Nilimwona mama akikaza kanga kiunoni, kama anayejiandaa kupanga foleni. Na kwa kweli, kama baba mkubwa angenyamaza pale, bonde lingekuwa lake, bila dhambi, kwa ushahidi wa mashahidi wanne.

"Alikifikisha mwisho," alisema baba mkubwa, bado amekaa chini, mara hii kwa Kirundi. "Mwisho nimeukata mimi. Twendeni bondeni."

Walishuka wote, na baba mkubwa mwenyewe akapiga hatua za kugawa shamba, hatua ndefu upande wetu. Mzee mmoja alimwonya kwamba anajipunja, yeye akasema mguu wake ndivyo ulivyo. Alitoa sharti moja jipya, kwamba katika udongo wa baba yake hataki kuona ua. Baba akaapa. Kisha Mama Zuhura, aliyekuwa amewafuata mpaka bondeni na beseni lake, akauliza tena, kwa adabu kuliko mwanzo, yale yaliyokatwa yalikwenda wapi. Baba mkubwa akatazama miguu yake. Mkulima wa kweli hatupi kitu. Mkewe alikuwa ameyapika, vishina na vichwa, pamoja na maharage na mafuta ya mawese, na chakula kilikuwa tayari kwa ajili ya wazee. Tulikula wote. Mama Zuhura alikula sahani mbili, akafuta mdomo, akasema: "Mi nimekuja kuchukua mapambo ya bibi harusi, na nimeyala."

Vitunguu vile havikujua kukata tamaa. Siku chache baadaye vikatoa vichwa vingine, vichache, vilivyochelewa, na baba mkubwa akavilinda mwenyewe. Alikaa juu ya jiwe na fimbo, akifukuza kila jirani mwema aliyekaribia na nia njema. Vilipochanua alivipeleka kwa Mama Zuhura, Muyinga, kwa ajili ya harusi nyingine, kwa baiskeli, ndani ya ndoo kavu, akasimama nje ya ukumbi na viatu vya misa mpaka alipoviona juu ya meza ya maharusi. Aliporudi alimwambia baba kwamba watu wa mjini ni wagonjwa, na akamuuliza mwakani watapanda mistari mingapi. Bondeni hakuacha kuingia. Kila asubuhi tulikuta amepalilia upande wetu kabla ya wake, bila kuulizwa, na mara mbili aling'oa bizari ya mama akidhani ni magugu. Mama alilalamika miaka kumi na miwili. Siku baba mkubwa alipozikwa mama alilalamika pia, akilia.

Mimi sasa naishi Gitega, nafundisha, na nusu ya bonde ya baba ni yangu. Siku hizi kila kipande kina karatasi yake, mawe ya mpaka yamepakwa rangi nyeupe, na watu wa kilima chetu wameelimika. Wanajua haki za mwenye ardhi. Upande wa pili wa mpaka ni wa Deo, mtoto wa mwisho wa baba mkubwa, mtu mpole, tunasalimiana vizuri na hatujawahi kukosana hata siku moja. Mwaka jana nilikaa wiki tano bila kwenda, mwanangu alikuwa anaumwa, na nilipofika nilikuta maharage yangu yameanza kuoza kwa kutopaliliwa, magugu yamefika kiunoni, ilhali upande wa Deo ulikuwa safi kama uwanja wa kanisa. Nilimuuliza, bila hasira, kama hakuwa ameyaona. Alisema aliyaona kila siku alipopita. Akasema, "Dada, shamba iko na jina yako. Mi naanzaje kuingia?" Nilimwambia ni kweli, na ni kweli. Alikuwa sahihi kuliko baba yake alivyowahi kuwa. Nikakunja gauni, nikaingia kung'oa yale maharage mstari kwa mstari, peke yangu, na jua lilipofika utosini nilikuwa natamani sana mtu angekuwa amekuja kuniharibia.